Majivu ya makaa ya mawe: testi ipi inasema kweli kuhusu sumu inayovuja?

Ukiletewa ripoti ya maabara inasema majivu "yamefaulu", kabla hujafurahi uliza yamefaulu testi ipi. Manake majivu yaleyale, kutoka ndoo ileile, yanaweza kupita testi moja bila shida alafu kwenye testi nyingine yakatoa aseniki mara nyingi zaidi, na hapo hakuna maabara iliyodanganya, kila mmoja amepima alichoambiwa apime. Kwa macho hizi testi zinafanana, unachanganya majivu na maji, unachuja, unapima yale maji, ila zinajibu maswali tofauti kabisa, na ukichagua vibaya anayeumia ni mtu anayechota maji kwenye kisima kilichoko chini ya mteremko wa lundo. Kwahiyo nazilinganisha hapa zile kubwa, kwa ajili ya yeyote anayetakiwa kuchagua: afisa mazingira, mwanafunzi mwenye utafiti, mkandarasi anayetaka kujazia barabara majivu, kamati ya watu wanaokaa jirani na bwawa la majivu (pale mtambo wa umeme unapomwaga majivu yakiwa na maji).

Sumu imekaa wapi kwanza

Makaa yakiungua kwenye tanuri la kufulia umeme, aseniki, seleniamu, kadimiamu na nyingine kadhaa zinageuka mvuke, zinapanda na moshi, alafu moshi ukianza kupoa zinarudi kuganda juu ya vile vipunje vidogo vya duara vinavyonaswa na vichujio kabla moshi haujatoka nje. Ndio maana majivu mepesi ya kwenye vichujio kwa kawaida yana sumu za aina hii nyingi kuliko yale mazito yanayodondoka chini ya tanuri. Sumu iliyoko juu juu ya kipunje maji yanaifikia haraka, ile iliyofungiwa ndani ya kioo cha kipunje inaweza kukaa humo miaka na miaka.

Kitu cha pili ni pH, yaani kipimo cha asidi na alkali (chini ya 7 ni asidi, 7 ni ya kati, juu ya hapo ni alkali), na ugomvi mwingi wa testi uko hapa. Risasi, kadimiamu, zinki, nikeli na kobalti zinatoka zaidi maji yakiwa na asidi. Aseniki, seleniamu, molibdenamu, vanadiamu na ile kromiamu ya daraja la sita zinasafiri kwenye maji zikiwa na chaji hasi, na nyingi kati ya hizo zinaweza kutoka sana maji yakiwa ya kati au ya alkali, yaani palepale ambapo risasi imetulia. Boroni haijali sana, inatoka mapema na inakimbia na maji. Sasa majivu yenye kalisiamu nyingi yakiguswa na maji yanaanza na pH ya 11 au 12 hivi, yenye salfa nyingi na kalisiamu kidogo yanaweza kuanza kwenye asidi, na hakuna anayebaki pale alipoanzia, kwasababu kaboni dayoksaidi ya hewani inaingia taratibu kwenye lundo la alkali na kuishusha pH mwaka hadi mwaka. Shika hilo la pH kubadilika, tutalirudia.

Kupima jumla tu

Hii ndiyo rahisi. Unayeyusha majivu kwenye asidi kali, unapata aseniki miligramu kadhaa kwa kilo, basi. Inakuambia kilichomo, haikuambii kitakachotoka. EPA, mamlaka ya mazingira ya Marekani, walitoa ripoti 2009 wakiwa wamepima sampuli 73 za mabaki ya makaa kutoka mitambo mbalimbali, na moja ya mambo yaliyoonekana wazi ni kwamba kiasi cha jumla hakitabiri kiasi kitakachoingia kwenye maji. Ifanye kwasababu utaihitaji kwenye hesabu, ila usiifanyie maamuzi peke yake.

TCLP, ambayo kila mtu anaikimbilia

Hapa nakaa kidogo manake ndiyo inayotumika vibaya kuliko zote.

TCLP ni testi ya EPA namba 1311. Wanachukua majivu, tuseme gramu 100, wanaweka kwenye chupa na lita 2 za maji yenye asidi asetiki (ile iliyoko kwenye siki), chupa inafungwa kwenye mashine inayoibinua juu chini, juu chini, mizunguko 30 kwa dakika kwa masaa 18 hivi, alafu wanachuja na kupima. Kwanini asidi ya siki? Kwasababu testi ilitungwa ikifikiria taka za kiwandani zimetupwa ndani ya dampo la takataka za mji, na takataka za mji zikioza zinatoa asidi za namna hiyo. Kwa taka zinazoenda kweli kwenye dampo la namna hiyo ni sawa. Lakini majivu ya makaa mara nyingi hayaendi huko, yanalazwa peke yake kwenye bwawa lake au lundo lake, hakuna maganda wala makaratasi yanayooza, hiyo asidi itoke wapi? Matokeo yake unasukuma pH kuelekea upande ambao aseniki na seleniamu mara nyingi ndio zinatulia, alafu unaandika "hakuna tatizo". Washauri wa sayansi wa EPA wenyewe waliandika kuhusu udhaifu huu wa kutumia testi moja kwa kila hali, 1991 na tena 1999.

Kuna jambo jingine ambalo ripoti haikuonyeshi mpaka upige hesabu mwenyewe. Kikomo cha aseniki kwenye TCLP ni miligramu 5 kwa lita. Maji ni mara 20 ya uzito wa majivu. Sasa gawa: ili maji yafike miligramu 5 kwa lita, majivu yanatakiwa yawe na aseniki miligramu 100 kwa kilo NA yaitoe yote, bila kubakiza hata chembe. Majivu mengi yana chini ya hapo. Yaani kuna majivu ambayo hayawezi kufeli kwa aseniki hata yakiyeyuka yote kabisa, jibu limeshaamuliwa kabla chupa haijazungushwa. Hicho kikomo chenyewe kilitokana na kiwango cha zamani cha maji ya kunywa cha Marekani, miligramu 0.05 kwa lita, wakazidisha mara 100. Kiwango cha maji ya kunywa kilishushwa 2001 mpaka 0.01, kikomo cha TCLP kikabaki palepale. Kwahiyo maji yaliyofaulu yanaweza kuwa na aseniki mara 500 ya inayoruhusiwa kwenye glasi ya mtu. Na boroni na molibdenamu, ambazo ni kati ya za kwanza kukimbia kutoka kwenye majivu, hazimo kabisa kwenye orodha ya metali zenye kikomo.

Sisemi iachwe. Kama sheria ya mahali ulipo inaitaka ili kuamua taka ni ya hatari au sio, ifanye, na kama majivu kweli yanaenda kuchanganywa na takataka za kawaida ndio testi yake. Ila ukiifanya idai maabara iandike pH ya mwisho, ile ya maji baada ya masaa 18, manake majivu yenye chokaa nyingi yanaweza kuimeza ile asidi na kuipandisha pH mbali sana na ilipoanzia, na bila hiyo namba hujui umepima nini.

SPLP na testi za maji matupu

SPLP, namba 1312, ni ndugu wa TCLP: chupa ileile, masaa yaleyale, uwiano uleule wa 20 kwa 1, ila badala ya siki wanatumia maji yaliyotiwa tone la asidi ya salfa na ya naitriki ili yafanane na mvua yenye asidi, pH 4.2 au 5 kutegemea eneo. Kwa majivu yaliyolala wazi yanayonyeshewa iko karibu zaidi na ukweli. Asidi yake ni nyepesi sana, majivu yanaishinda mara moja, kwahiyo kiuhalisia unapima majivu kwenye pH yao wenyewe, na hilo ni jambo zuri.

Ulaya wana EN 12457, toleo lake la pili linatumia maji safi, lita 10 kwa kilo ya majivu makavu, masaa 24. Matokeo yanaandikwa kwa miligramu kwa kilo, na watu wengi wanajichanganya hapo. Kwa mfano kikomo cha aseniki cha dampo la taka zisizo na madhara, zile za daraja la chini kabisa, ni 0.5 kwa kilo, ukigawa kwa 10 unapata miligramu 0.05 kwa lita ya maji. Cha taka zisizo hatari ni 2, cha taka hatari ni 25. Ukilinganisha na ripoti ya TCLP bila kubadilisha hizi namba utapotea vibaya.

Kati ya SPLP na EN 12457 mimi ningechagua hiyo ya Ulaya kama bajeti inaruhusu testi moja tu ya chupa, kwasababu maji ni machache zaidi kwa majivu yaleyale na haijifanyi kuiga mvua ambayo majivu yataishinda tu. Lakini zote mbili zina ugonjwa mmoja: zinakupa nukta moja, pH moja, siku moja. Leo lundo lina pH 12, aseniki imeshikwa na kalisiamu, inasoma ndogo, unafurahi, miaka inapita, pH inashuka kuelekea 9, ile kalisiamu haishiki tena kama mwanzo na aseniki inaanza kutoka. Testi ya nukta moja haiwezi kukuonya.

LEAF, ile ya kuonyesha mkondo mzima

LEAF ni kifurushi cha testi nne za EPA, 1313 mpaka 1316, na nitaongelea tatu.

1313 inachukua majivu inayagawa kwenye chupa nyingi, kila chupa inaongezewa asidi au alkali mpaka ifike pH iliyopangwa, kuna pH tisa kuanzia 2 mpaka 13, pamoja na ile ya asili ya majivu. Mwisho unapata mchoro: huku pH, huku aseniki iliyotoka. Ukiuona mchoro wa namna hii mara moja tu utaelewa kwanini nailalamikia TCLP, unaona kabisa mstari wa aseniki au seleniamu unapanda na kushuka, na unaweza kuweka kidole kwenye pH ambayo TCLP iliishia ukakuta iko bondeni, wakati lundo lenyewe liko mlimani. Alafu unaweza kuuliza maswali ya mbele: pH ikishuka mpaka 8 itakuwaje? Maji ya asidi kutoka mgodi wa jirani yakiingia itakuwaje, risasi na kadimiamu zitaamka? Majibu yamo humohumo.

1314 ni ya bomba. Unajaza majivu kwenye bomba la kioo lenye urefu wa sentimita 30, unasukuma maji kutokea chini kwenda juu polepole sana kwa pampu ndogo, unakusanya yanayotoka kwa mafungu mpaka maji yafike mara 10 ya uzito wa majivu, ni kama wiki mbili hivi. Mafungu ya mwanzo kabisa ndio yenye habari, boroni na salfeti zinatoka kwa wingi palepale mwanzoni, mara nyingi na seleniamu, alafu zinapungua, wakati aseniki inaweza kuendelea kutoka kidogo kidogo bila kuchoka. Kwenye testi ya chupa ule mfumuko wa mwanzo unapotea, umeshachanganywa na maji mara 20, ila samaki au kisima kitapokea mfumuko kama ulivyo, haujachanganywa na kitu.

1315 ni kwa kitu kigumu, tofali au zege lililowekwa majivu. Unalizamisha kwenye maji, unabadilisha maji kwa ratiba, siku ya mwisho ni ya 63. Inapima sumu inayojipenyeza kutoka ndani ya zege kwenda nje, na kwa zege zima lisilopasuka huwa inatoka polepole, kwasababu maji hayapiti ndani, yanapita pembeni. Kulisaga hilo zege ukalifanyia TCLP ni kuliadhibu kwa kosa ambalo halijatenda. Upande wa pili, kama zege litavunjwavunjwa baadaye likawa kokoto za barabara, basi 1315 haitoshi tena, irudie kwa 1313 kwenye vipande.

Ubaya wa LEAF ni muda, kazi na idadi ya sampuli za kupima, maabara ndogo zinaweza kukataa, na mchoro unahitaji mtu wa kuusoma. Kwa lundo kubwa linalokaa vizazi huo sio ubaya wa kukuzuia.

Kitu ambacho zote zinakosa

Chupa inayobinuliwa imejaa hewa, hata bomba kwa kawaida halizuiwi oksijeni. Chini ya bwawa la majivu au kwenye tope la mto ambapo oksijeni imeisha mambo ni mengine. Chuma iliyokuwa imeikamata aseniki inayeyuka, aseniki inabadilika kuwa ile aina inayotembea kirahisi na yenye sumu zaidi, inaingia kwenye maji. Seleniamu inafanya kinyume, bila oksijeni inatulia, ikipata oksijeni inatembea.

Tarehe 22 Desemba 2008 ukingo wa bwawa la majivu la mtambo wa umeme wa Kingston, Tennessee, Marekani, ulibomoka ukamwaga zaidi ya mita za ujazo milioni 4 za majivu yenye maji kwenye mto Emory na mashamba ya pembeni. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke walipopima walikuta maji yanayotiririka mtoni hayana aseniki ya kutisha kwasababu mto ulikuwa unayazimua, ila kwenye kidimbwi kilichozibwa na kwenye maji yaliyonaswa ndani ya tope la chini aseniki ilikuwa juu, tena sehemu kubwa ni ile aina ya mahali pasipo na oksijeni. Hakuna chupa ya masaa 18 ambayo ingekuambia hivyo. Kwahiyo kama majivu tayari yamelala mahali, chimba, chukua maji yenyewe yaliyomo katikati ya vipunje kwenye kina tofauti, yafunge yasipate hewa mpaka maabara. Hayo maji ni ushahidi kuliko testi yoyote kati ya hizi.

Na pembeni weka visima vya uangalizi. Kanuni ya Marekani ya 2015 kuhusu majivu imefanya hivyo, inafuatilia maji ya chini ya ardhi yenyewe, na kwenye orodha ya kwanza ya kuangaliwa wameweka boroni na salfeti, sio aseniki, kwasababu hizo ndio zinafika kisimani mapema. Boroni ikipanda usisubiri aseniki ifuate ndio uanze vikao.

Unalinganisha na namba ya nani?

Hili linaharibu hata testi nzuri. WHO, shirika la afya duniani, kwenye maji ya kunywa wanaweka aseniki mikrogramu 10 kwa lita (mikrogramu 1,000 ni miligramu 1), seleniamu 40, boroni 2,400. Ukiona seleniamu ni 10 unapumua, kwa mtu ni sawa. Sasa ziwa Belews, North Carolina, lilikuwa linapokea maji ya bwawa la majivu kuanzia miaka ya katikati ya 1970 mpaka 1985, na seleniamu kwenye ziwa ilikuwa kwenye mikrogramu 10 hivi kwa lita. Ikapanda kwenye wadudu wa majini, ikapanda kwenye samaki, ikaingia kwenye mayai yao, vifaranga wakazaliwa wamepinda mgongo au wasiishi kabisa, na aina 19 kati ya 20 za samaki zikatoweka. Maji ya ziwa hilo mtu angeyapitisha kwa kiwango cha kunywa cha seleniamu. EPA sasa kwa maji yaliyotulia kama ya ziwa wanapendekeza mikrogramu 1.5. Kwahiyo kabla hujaangalia jedwali la vikomo jua maji yanaishia wapi, kisimani au ziwani.

Basi uchague ipi

Majivu mapya yanayotafutiwa mahali pa kulazwa peke yao, 1313 na 1314, usibishane na mtu. Kama pesa haitoshi fanya EN 12457 pamoja na jumla, na omba chupa mbili tatu za ziada zirekebishwe pH, moja karibu na 7 na nyingine karibu na 9, utakuwa umeiba nusu ya faida ya 1313.

Majivu ya kujazia barabara au kusawazisha kiwanja yako kundi hilohilo, tena kwa ukali zaidi, kwasababu yanatandazwa eneo kubwa, hayana kitambaa cha plastiki chini, na baada ya muda hakuna anayekumbuka yako wapi. Hapa TCLP ndio mara nyingi inaletwa kama cheti, ikatae kama ndiyo pekee. Majivu yanayoingia kwenye zege, 1315.

Bwawa la zamani ambalo mwenye nalo anasema atalifunika tu juu: usianze na testi, anza na kina cha maji ya chini ya ardhi. Kama majivu yamezama ndani ya maji ya ardhini, kifuniko kinazuia mvua tu, maji yanaingia kwa pembeni na chini kama kawaida, na hapo dai sampuli za maji kutoka ndani ya majivu pamoja na visima. North Carolina walibishana jambo hili miaka baada ya bomba lililopita chini ya bwawa kupasuka Februari 2014 na kumwaga majivu kwenye mto Dan, na mwisho wake makubaliano yaliyotangazwa mwanzoni mwa 2020 yaliamua karibu tani milioni 80 za majivu zichimbuliwe na kuhamishwa.

Mtambo ukibadilisha makaa au ukifunga kifaa kipya cha kusafisha moshi, tupa ripoti za zamani. Majivu yamebadilika, kalisiamu imebadilika, pH imebadilika, hata aina ya kromiamu inaweza kubadilika.

Na kwenye fomu ya maabara, testi yoyote utakayochagua, andika hivi: pH ya mwanzo na ya mwisho, uwiano wa maji na majivu, boroni na molibdenamu ziwemo kwenye orodha, kiwango cha chini ambacho mashine inaweza kusoma kiwe chini ya kikomo chako (kuna ripoti zinaandika seleniamu "haikuonekana" wakati mashine haioni chini ya mikrogramu 50), na sampuli zichukuliwe sehemu kadhaa na kina tofauti, sio koleo moja la juu.